Maziwa ya Kumfaa Etabo

Mtu yule aliingia kwenye ua wa mashine ya soja asubuhi ya mvua, bila kupiga hodi, na wamama wote wakaacha kazi. Alikuwa mwanaume, na alikuwa amebeba mtoto mgongoni. Alimfunga kwa kitenge kama mama anavyofunga, ila fundo lilikaa juu sana, karibu na koo, na miguu ya mtoto ilining'inia upande mmoja. Mikononi alikumbatia mfuko wa soja. Suruali yake ilikuwa na tope jekundu hadi magotini.

Mama Suzanne, mkubwa wa kikundi, ndiye aliyeanza kucheka.

"Bamama, mukuje muone! Papa, kama we unabeba mutoto, bibi yako leo anabeba nini?"

"Iko nyuma, anabeba pikipiki!" akadakia Latifa kutoka penye sufuria, na ua mzima ukaangua kicheko.

"Bibi yangu alikufa," akasema yule mwanaume. Hakusema kwa hasira. "Alikufa siku ya kuzaa huyu. Munisamehe, kufunga kitenge sijajua."

Kicheko kilikatika. Mama Suzanne alifuta mikono kwenye nguo yake, akamwendea, akafungua lile fundo. Mtoto alipoingia mikononi mwake alimpandisha kidogo kumpima uzito, kisha akageuka kumtafuta Nuru kwa macho. Nuru aliona jinsi uso wake ulivyobadilika. Akaacha mwiko, akaja.

Nuru alikuwa amemaliza masomo ya lishe huko Bukavu na kurudi Baraka, mji wa kando ya ziwa alikozaliwa. Watu walimshangaa. Wenzake walitafuta kazi kwenye mashirika yenye magari, na yeye alisaga soja na wamama. Lakini Nuru aliamini kwa moyo wake wote kwamba soja inayolimwa kwenye vilima vya Fizi inaweza kuwalisha watoto wa Fizi. Kikundi kilitengeneza unga wa uji, mishikaki ya soja ya kukaanga, na maziwa ya soja ambayo wamama waliyapeleka sokoni yangali moto. Kilichobaki, alivyopenda kusema, ni maziwa ya watoto wachanga kabisa, maziwa ya kopo, yatakayotengenezwa hapa hapa kwa soja ya hapa. Wamama walimpa jina: Mademoiselle Kopo.

Mwanaume alikataa kiti. Alijieleza akiwa amesimama. Jina lake lilikuwa Wilfried, mkulima wa Lubondja. Mtoto aliitwa Etabo na alikuwa na miezi miwili. Tangu mama yake, Fanny, azikwe, ndugu walimnunulia mtoto maziwa ya kopo. Alikunywa, akatapika, akaharisha. Kisha ikaja damu kwenye choo chake. Walibadilisha kopo, wakabadilisha maji, wakamwita mchungaji aombe. Damu iliendelea.

"Muganga wa kwetu alisema makopo yote ile ni maziwa ya ng'ombe, na mwili wa mutoto unakataa ng'ombe," Wilfried alisema. "Akaniambia nitafute maziwa ya watoto ya soja. Mi nikasema, soja? Soja si mi njo nalima? Soja munasaga hapa, ingine inatoka kwa shamba yangu. Nikachukua ile nilikuwa nimeweka ya mbegu, nikakuja. Mumukamulie mutoto."

Akauweka mfuko chini, mbele ya miguu ya Nuru.

Mama Suzanne alikuwa ameshashika kikombe. Maziwa ya asubuhi yalikuwa yameiva jikoni, meupe, yanatoa mvuke. "Huyu alifika pahali pake," alisema. "Nuru, lete kijiko."

"Hapana, mama."

"Hapana nini?"

"Haya hatuwezi kumupa."

Mama Suzanne alimtazama kama mtu aliyetukanwa. "Mutoto iko na njaa, chakula iko hapa, na we unasema hapana? Kila siku we ni soja, soja, soja, mpaka masikio inatuuma. Leo mwenye kuihitaji amefika, unamufungia mulango?"

Nuru aliutazama mfuko wa Wilfried. Mtu huyu alikuwa amekuja kumwomba kitu kile kile ambacho yeye Nuru alikiota tangu shuleni, na hakuwa nacho.

"Batoto benye tunawapatia maziwa sokoni bamepita miezi sita," alisema. "Banakula uji, samaki ndogo ya ndagala, mboga ya sombe. Maziwa yetu inawaongezea tu. Huyu hana kitu kingine cha kula duniani. Ile kopo ya soja ya kiwandani haiko soja na maji peke yake, mama. Banatoa protini ya soja, banaongeza mafuta, banaongeza ya kujenga mifupa, ya kujenga damu, vitamini, na vile vipande vya protini ambavyo soja yenyewe iko navyo kidogo. Kila kitu kwa kipimo cha mutoto. Yetu haina hiyo. Atakunywa, tumbo itajaa, atalala vizuri, na sisi tutafurahi. Na atakuwa anaisha pole pole mbele ya macho yetu."

Mvua iligonga mabati.

"Sasa shamba yangu iko na kazi gani?" akauliza Wilfried.

Wakati huo Etabo akalia. Kilikuwa kilio kifupi, kilichoanza na kuishiwa nguvu kabla ya kufika mwisho. Latifa, aliyekuwa amesimama karibu na sufuria, aliweka mkono kifuani ghafla. Binti yake wa miezi saba alikuwa amelala kwenye mkeka, hakulia, lakini blauzi ya Latifa ilikuwa imelowa maziwa pande zote mbili.

Alijitazama, kisha akamtazama Nuru.

"Na yangu?" aliuliza kwa sauti ndogo. "Yangu iko na kipimo?"

Mchana huo huo Roger, muuguzi wa kituo cha afya ambaye watu wote walimwita docta, alimpima Latifa damu na kuona hana ugonjwa wa kumwambukiza mtoto. Akampima Etabo uzito, akakunja midomo.

"Kopo ya soja nitawaulizia," alisema, "lakini hapa Baraka haiko. Uvira, pengine. Na njia ya Uvira munaijua." Wiki zile barabara ya kwenda Uvira kupitia Makobola ilikuwa ikifungwa na kufunguliwa kila mara wenye silaha walipobadilisha mawazo. "Ukinifuata mimi, titi ya mama inapita kopo yoyote. Ila Latifa, huyu mutoto atakataa ng'ombe ata ng'ombe akipitia kwako. Usikunywe maziwa ya ng'ombe."

Latifa alicheka. "Mi? Ile ya kutoka milimani ndani ya bidoni ya plastiki? Inanuka moshi, sikunywaka ata siku moja."

Alibaki mume wake. Kassimu alikuwa na boti mbili zinazobeba watu na mizigo ziwani, na walimkuta ufukweni akiwa na mikono myeusi kwa oili, mashine ya boti imefunguliwa mbele yake. Alisikiliza habari yote bila kuacha kufuta bugi, plagi ya mashine, aliyoishika. Kisha akamwuliza Wilfried:

"Unajua unaomba nini?"

"Naomba maziwa, papa."

"Unaomba udugu." Kassimu akaweka bugi chini. "Kwetu Waislamu, akishiba kwa bibi yangu, ni mutoto wangu wa maziwa. Binti yangu ni dada yake. Hataweza kumuoa. Si leo, si wakikomaa, si ata vita ikiwatawanya na wakikutana kule Kigoma bila kujuana. Itabidi umwambie. Na batoto bake bajue. Mi sitaki siku moja nizungumze mahari na mutoto wangu mwenyewe."

Wilfried aliinama akamtazama Etabo. "Huyu? Shingo yenyewe bado inamushinda."

Kassimu alijaribu kubana kicheko, kikamtoka. "Njo vile wanaanzaka wote, ndugu yangu."

"Nitamwambia," akasema Wilfried. "Mi ni mutu wa kanisa, lakini hiyo nitamwambia mbele ya muchungaji."

Kassimu aliwaita majirani wawili wasikie. Hapo kwenye mchanga walitaja jina la mtoto, jina la baba yake, jina la marehemu mama yake na kijiji chao. Latifa alikaa kwenye ubavu wa boti, akajifunika mtandio, akampokea. Etabo alinyonya kidogo, akaachia, akatazama juu kama asiyeamini, akanyonya tena. Wilfried aliwapa mgongo na kuangalia maji mpaka mabega yake yalipotulia.

Kwa muda mambo yalikwenda vizuri. Wilfried alipata pa kulala kwa mtu wa ukoo wake hapo mjini, akawa anawasaidia wamama kubeba mifuko na kuwasha mashine. Kila mmoja wao alimfundisha kufunga kitenge kwa namna yake, na kila mmoja alimwambia namna ya mwingine ni mbaya. Etabo aliacha kutapika. Damu ilipungua, ikawa alama tu, kisha ikapotea. Mashavu yake yalianza kuonekana. Wilfried akaanza kumwachia Latifa mtoto, akawa anapanda Lubondja kuangalia shamba na kushuka tena kila siku ya soko, akiwa na mihogo ya kumpa begani.

Kisha damu ikarudi.

Wilfried mwenyewe ndiye aliyeiona, akimbadilisha mtoto nguo kwenye ua wa Latifa. Hakupiga kelele. Alikunja kitambaa, akakiweka pembeni, akakaa chini. Bushira, mama mkwe wa Latifa, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuamuru, alisogea akatazama.

"Maziwa ya mugeni inachokaka," alisema. "Damu ya mutoto imeona kama haiko mama yake."

Latifa aliinamisha kichwa. Nuru alipofika, alimkuta Wilfried amesimama, mtoto mgongoni, anavuta fundo la kitenge.

"Nampeleka nyumbani," alisema. "Nitamukamulia soja mi mwenyewe. Kama ni kuisha, aishe akiwa ameshiba."

"Baba Etabo, nipatie mpaka jioni."

"Ya kufanya nini?"

"Ya kuangalia," alisema Nuru. "Nipatie tu."

Alikaa jikoni kwa Latifa akatazama. Alitazama mboga, akatazama mafuta, akauliza habari ya samaki. Latifa alijibu huku macho yamevimba kwa kulia. Mchana ulipokuwa unageuka, aliinjika chai, kama anavyofanya mtu ambaye hajui afanye nini kingine. Maji yalipochemka alichukua sashe ndogo iliyong'aa, akaikata kwa meno, akamimina ungaunga mweupe.

"Latifa, hiyo ni nini?"

"Chai."

"Hiyo nyeupe."

"Maziwa ya unga. Ilikuwa imekosekana sokoni juu ya njia kufungwa, sasa boti imeleta. Nikupatie?"

"Inatoka wapi?"

"Kwa duka."

"Mbele ya kufika kwa duka?"

"Kiwandani. Bulaya. Nuru, unaniuliza kama polisi."

"Na kiwandani, baliitoa kwa nani?"

Latifa aligeuza sashe mkononi. Kulikuwa na picha ya mtoto anayecheka na maua ya njano. Aliigeuza upande wa pili. Hapakuwa na mnyama yeyote.

"Kwa ng'ombe?" aliuliza.

"Kwa ng'ombe. Banaikausha tu."

"Lakini ng'ombe ni ile ya bidoni! Hii ni ya... hii ni unga, Nuru. Hii ni ya chai!" Alipiga sufuria teke, chai ikazima moto. Akaketi kando ya majivu na kulia kwa sauti. "Nimemutoa damu mutoto wa watu."

Nuru alikaa naye hapo chini. Alimwambia kwamba yeye na Roger ndio waliosema ng'ombe na hawakusema sashe, na ukweli ulikuwa huo. Ukingoni mwa ziwa hapakuwa na mtu anayefuga. Ng'ombe aliishi milimani na maziwa yake yalishuka kwenye bidoni. Yale ya sashe yalikuwa kitu cha duka, kama sabuni na sukari. Shule ilimfundisha Nuru majina ya protini. Haikumfundisha kwenda kutazama jinsi Latifa anavyopika chai.

Latifa alijipangusa uso, akatoka nje. Wilfried alikuwa amekaa mlangoni, mtoto bado mgongoni.

"Baba Etabo, fungua hiyo kitenge," alisema. "Mi nimekunywa ng'ombe bila kujua. Sasa najua. Nakuambia mbele ya Mungu mwenye kutuona wote wawili: ya bidoni, ya sashe, ya kopo, ndani ya chai, ndani ya mandazi, sitaionja mpaka huyu mutoto aanze kula chakula. Ata ukiwa Lubondja, hauone. Sitaionja."

Wilfried alishika fundo, lililokuwa sasa limefungwa vizuri kabisa, akalifungua.

Siku hizo ndipo shamba lake lilipopata kazi. Mama Suzanne alichemsha maziwa ya soja ya Wilfried kwa ajili ya chai ya Latifa. Aliacha povu lipande, akaliacha lishuke, akaendelea kuchemsha kama Nuru alivyowafundisha, kwa sababu soja isiyoiva vizuri inaumiza tumbo. Nuru aliwaonya kwamba wapo watoto wanaokataa ng'ombe na soja pia, na kila siku alikagua vitambaa vya Etabo. Damu ilipungua tena, ikakoma. Mtoto hakuikataa soja. Aliyeikataa alikuwa Latifa.

"Inanuka maharagi."

"Kunywa," Mama Suzanne alisema.

"Inanuka maharagi yenye kulala."

"We ni mama wa batoto bawili, unatoa maziwa kama bomba, na mwili wako unataka protini. Kunywa, ama nitakushika pua."

Latifa alikunywa, akaminya macho, na wamama wakampigia vigelegele kama bibi harusi.

Kopo lilikuja kwa boti ya Kassimu. Roger alikuwa ameulizia kila alipoweza, na mwishowe mtu wa famasi ya Uvira alilipata. Lilikuwa moja tu. Nuru alilipokea kwa mikono miwili. Alikuwa ameona picha yake vitabuni na hajawahi kuligusa. Wamama walimzunguka, wakamtaka asome, naye akasoma maandishi madogo ya Kifaransa na kuwageuzia: protini ya soja, mafuta ya alizeti, mafuta ya mnazi, kalisi, chuma, zinki, methionini, kile kipande cha protini kilichopungua kwenye soja, vitamini hizi na hizi. Alisoma muda mrefu hata mmoja wao akapiga miayo.

"Kumbe soja haikuenda peke yake," Mama Suzanne alisema. "Iliita kijiji nzima." Akamgeukia Nuru, akamgusa bega. "Siku ile nilikusemesha vibaya."

"Siku moja tutaifanya hapa, mama."

"Na hiyo kijiji yote utaiweka ndani?"

"Yote. Tutajifunza, tutatafuta watu wa kupima, hatutauza mpaka iwe sawa."

"Haya, Mademoiselle Kopo," alisema Mama Suzanne, na safari hii jina halikuwa na mzaha.

Kopo lilisaidia. Latifa aliweza kwenda sokoni, na binti yake naye akapata nafasi. Lakini kopo la mtoto halidumu, na la pili halikupatikana. Njia ilifungwa, ikafunguliwa, ikafungwa, na mtu wa famasi akaacha kupokea simu. Etabo akabaki na Latifa peke yake.

Ndipo ikafika harusi ya Aziza, mdogo wa mwisho wa Kassimu. Latifa alipoolewa, Aziza alikuwa mtoto wa kusukwa nywele. Latifa ndiye aliyemsuka, akamfundisha kupika, akamkinga na hasira za baba yake alipovunja sahani. Kwa ukoo ule, siku binti anapoondoka, mama wa nyumba hupika chai nzito ya maziwa na tangawizi kwa wanawake waliokuja kumchukua. Mke wa mtoto wa kwanza, kwao Latifa, hunywa kikombe cha kwanza mbele yao, waone kwamba ndani hamna ubaya. Anayekunywa ndiye anayemshika bibi harusi mkono na kumpeleka hadi nyumba ya mume. Aziza alikuwa anaolewa Nundu, safari ya boti kutoka hapo. Latifa alikuwa ameshashona nguo ya safari ile.

Juma lote Latifa alimfuata mama mkwe wake jikoni. "Mama, tupike ya soja."

"Nitawapa bakwe maji ya maharagi?"

"Basi kikombe changu tu iwe ya soja."

"Kikombe ingine, sufuria ingine? Si watasema njo ile yenye dawa? Mukamwana, mi nimenyonyesha batoto saba na kila siku nilikunywa maziwa. Wote wako hai, wananisumbua. Kunywa kidogo, iishe."

Siku yenyewe wanawake wa Nundu walikaa kwenye mikeka, wamependeza, wanaimba. Aziza alikaa katikati chini ya mtandio. Nuru alikuwa kando ya ukuta, na Etabo mgongoni mwake, macho wazi. Wilfried alikuwa Lubondja kwenye mavuno. Bushira akatoka na sinia, akajaza kikombe cha kwanza, akamkabidhi Latifa. Nyimbo zikanyamaza.

Latifa alikishika. Alimtafuta Nuru kwa macho upande ule wa ukuta, na Nuru alielewa anachouliza. Alitamani sana kuweza kuitikia kwa kichwa na kusema funda moja si kitu. Hakujua kama ni kitu au si kitu. Mara ya kwanza damu haikuhitaji kingi. Hakuitikia. Alisimama tu pale, akamgeuza mtoto kidogo ili Latifa amwone.

Latifa alipiga magoti mbele ya mama mkwe wake na kukiweka kikombe kwenye sinia.

"Mama, nisamehe. Bamama ba Nundu, munisamehe. Chai hii ni safi, imepikwa na mikono nayoipenda. Lakini kuna mutoto wa Lubondja ananyonya kwangu, na ya ng'ombe inamutoa damu. Niliahidi baba yake."

"Baba yake hayuko hapa," alisema Bushira kwa sauti ya chini.

"Najua, mama."

Wanawake wa Nundu walitazamana. Mmoja akaanza kuokota mkoba wake. Bushira alisimama na sinia mikononi. Kisha akageuka upande mwingine, akamwita mke wa mtoto wake wa pili. "Zaituni. Kuja."

Zaituni alikuja akiwa amepigwa na butwaa. Alikunywa kikombe chote, akakigeuza waone kwamba kimekwisha. Yule wa mkoba akaurudisha chini. Vigelegele vikapanda. Zaituni akamshika Aziza mkono, akamwinua, na Aziza alipopita aligeuza kichwa chini ya mtandio kumtafuta Latifa, lakini watu walikuwa wengi na walikuwa wanamsukuma kuelekea boti.

Bushira aliwafuata. Hakumtazama Latifa.

Nuru alimkuta Latifa nyuma ya nyumba, ameketi kwenye kinu kilichopinduliwa, bado amevaa nguo mpya. Etabo alikuwa ameanza kutafuta kwa mdomo kwenye bega la Nuru. Latifa alinyoosha mikono, akampokea, akafungua vifungo vya blauzi aliyoishona kwa ajili ya Nundu.

"Atanisamehe?" aliuliza baadaye. "Mama mukwe?"

"Sijui."

"Aziza nitaenda kumuona. Kassimu atanipeleka siku ingine." Akasikiliza. "Haitakuwa sawa na leo, lakini nitaenda."

Kutoka ufukweni ulisikika wimbo wa kumsindikiza bibi harusi, Zaituni akiongoza na wengine wakipokea. Zaituni aliuanzia juu mno, na sauti ikamkatika katikati. Latifa alitabasamu kidogo, akauchukua mahali ulipokatika, taratibu, kwa sauti ambayo hakuna mtu ufukweni angeweza kuisikia. Etabo aliacha kunyonya, akamtazama mdomo, akarudi kunyonya. Latifa aliimba hadi ubeti wa mwisho, na hakuinuka mpaka mtoto alipolala na mlio wa boti ukapotea upande wa Nundu.